Vidole vya Mtoto Vinapovimba

Sogeeni, wajukuu zangu, mkae karibu. Leo sungura na chui watapumzika. Nataka kuwasimulia habari za mkono wa mtoto mdogo, na mniulize pale msipoelewa.

Tuseme tuko Bangboka, kando ya barabara ya Ituri, huko zinakotua ndege, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya Kisangani. Mtoto wa miezi minane yuko mgongoni kwa mama yake. Jana alicheka, akavuta kila kitu kilichokuwa karibu naye. Leo amelia tangu jogoo wa kwanza, na ukimgusa mkono anapiga kelele. Mama anamfungua, anamlaza kwenye mkeka, anatazama. Vidole vimejaa hadi mikunjo imepotea, ngozi ya juu ya kiganja inang'aa, na mguu wa kulia nao umevimba. Mwiba hamna. Kidonda hamna. Wala hakuanguka.

Basi nyumba hujaa washauri. Mama mkwe anasema, "Mwanangu, ulimfunga kitenge kwa nguvu." Jirani anasema ni mvua ya usiku, baridi imemwingia. Mwingine anatafuta wembe ili avichanje vidole, damu mbaya itoke. Na hakosekani anayeshusha sauti na kuuliza ni nani katika ukoo aliyemtazama mtoto kwa jicho baya.

Wote hao wanampenda mtoto, kila mmoja kwa namna yake. Lakini wembe unaniogopesha. Wembe unafungua mlango wa vijidudu katika mwili ambao tayari ni dhaifu kupigana navyo. Na ule mnong'ono wa uchawi unaniogopesha zaidi, kwa sababu hapa kwetu Kongo kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa maneno kama hayo.

Chanzo cha uvimbe ule kiko ndani ya damu yake.

Sikilizeni vizuri. Damu ni nyekundu kwa sababu ya chembe nyekundu, ndogo mno, za mviringo, laini. Ndani ya kila chembe kuna himoglobini, ambayo kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka kila pembe ya mwili. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, na kwa kuwa ni laini hujikunja ikapenya hata kwenye mishipa myembamba kupita unywele. Sasa mtoto wetu amezaliwa na himoglobini ya namna nyingine, inayoitwa S. Hiyo, ikishaachia oksijeni yake, hushikamana, ikawa vijiti vigumu ndani ya chembe. Chembe inapinda, inakuwa ngumu, inachukua umbo la mundu. Ndiyo maana Waswahili wa pwani huuita ugonjwa huu selimundu. Hapa Kisangani mtawasikia watu wakisema kwa ufupi, "Huyu mtoto ni SS."

Mmekwisha kufika kwenye maporomoko ya Wagenia. Mmeona gogo linavyoletwa na maji, likanasa kati ya miamba miwili, la pili likanasa juu yake, na la tatu, mpaka njia imezibwa. Chembe zenye umbo la mundu hufanya vivyo hivyo ndani ya mshipa mwembamba. Nyama na mfupa ulio mbele ya kizuizi hukosa oksijeni, huuma, huvimba.

"Koko, mbona vidole? Mbona si tumbo au kichwa?"

Swali zuri sana, na jibu lake ndilo linalonishangaza kuliko yote. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho mwekundu. Kwa mtu mzima kazi hiyo imebaki kwenye mifupa mikubwa: ya nyonga, uti wa mgongo, kifua. Lakini kwa mtoto mdogo hata vile vifupa vya vidole vya mikono na miguu bado viko kazini, vimejaa uboho mwekundu unaotaka oksijeni nyingi. Mishipa yake ni myembamba mno. Kwa hiyo kizuizi huanzia huko. Akifika miaka mitano au sita, uboho wa vidoleni hugeuka mafuta, kazi ya damu huhama, na vidole huacha kuvimba. Watu husema, "Amepona." Hajapona. Maumivu yamehamia mapajani, mikononi, mgongoni, kifuani.

Na kwa nini alizaliwa mzima, akanyonya, akanenepa? Kwa sababu kila mtoto huzaliwa na himoglobini ya tumboni, ambayo haipindi. Hiyo humlinda miezi ya kwanza. Inapopungua, karibu na mwezi wa sita, ile ya S hushika nafasi, na mara nyingi dalili ya kwanza kabisa huwa ni vile vidole. Mwili unatangaza ugonjwa ambao bado haujapewa jina.

"Na mama na baba yake, mbona wao hawaugui?"

Kila mtu hupokea urithi wa damu mara mbili: mmoja kwa mama, mmoja kwa baba. Himoglobini ya kawaida huitwa A; aliyepokea A na A ni AA. Aliyepokea A na S ni AS, naye huishi maisha yake yote bila hata kujua. Ila AS akizaa na AS, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne mtoto apate S kutoka pande zote mbili. Nimesema kila mimba. Mtoto wa kwanza akiwa SS hajawamalizia wadogo zake bahati mbaya, na wanne wa kwanza wakiwa wazima si ahadi kwa wa tano. Tena basi, hakuna wa kulaumiwa. Kumtupia mama peke yake lawama ni uongo, kwa sababu bila S ya baba mtoto asingekuwa SS.

Watafiti walipopima watoto wachanga 520 wa Kisangani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2010, walikuta asilimia 23 ni AS, na karibu asilimia 1 ni SS. Hesabuni darasani kwenu: mkiwa arobaini, huenda tisa wanabeba S bila kujua.

Mbona wengi hivyo? Hapa kuna kisa. Kijana mmoja, Anthony Allison, alikulia Kenya, akaenda Oxford kusoma. Mwaka 1949 alirudi na msafara wa wanachuo, akawa anapima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria alikuta wenye S ni wengi. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, karibu hakuna. Akajiuliza pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakipo. Mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake: mtoto wa AS huistahimili malaria kuliko mtoto wa AA. Kwa maelfu ya miaka, penye mbu wengi watoto wa AS walinusurika wakakua wakazaa, na S ikaenea. Jimbo letu la Tshopo ni msitu, mito na mvua karibu mwaka mzima. S imekaa kwetu kwa sababu iliwahi kutuokoa. Lakini msikosee: aliye SS hana kinga hiyo. Malaria humuua upesi kuliko wengine, na chandarua chake ni dawa.

Sasa nirudi kwa yule mama. Afanye nini? Amnyonyeshe mara nyingi, ampe maji ikiwa ameshaanza kunywa, kwa sababu damu ya mwili uliokauka hupinda haraka. Ampe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Amfunike mikono na miguu ipate joto. Barafu na maji baridi yasimguse, maana baridi hubana mishipa. Asifunge kamba, asikande kwa nguvu, asichanje. Kisha ampeleke kituo cha afya. Uvimbe wenyewe kwa kawaida hushuka baada ya wiki moja au mbili, na vidole hurudi vilivyokuwa. Lakini kama mtoto ana homa, asingoje asubuhi. Bandama, kiungo kinachochuja vijidudu, huharibika mapema kwa mtoto wa SS, na kijidudu ambacho kwa mwenzake kingeleta mafua, kwake chaweza kuingia damuni au ndani ya mfupa. Vilevile akipauka ghafla huku ubavu wa kushoto wa tumbo ukijaa: bandama imenasa damu yake. Hapo ni pikipiki hata usiku wa manane, hata barabara ikiwa matope.

Hospitalini huenda wakaanza na kipimo cha Emmel: tone la damu linafunikwa kwenye kioo lisipate hewa, wanatazama kwa hadubini kama chembe zinapinda. Kipimo hicho ni rahisi, lakini hakitofautishi AS na SS, maana zote hupinda. Kinachotenganisha ni elektroforesi. Hicho ndicho cha kuombwa kwa jina lake.

Kuna vidole vingine vinavyovimba, na sitaki mvichanganye. Pengine mna shangazi au mjomba ambaye kidole chake kimoja au viwili vimevimba kuanzia shina hadi ncha, anaamka asubuhi hawezi kukunja ngumi, na ngozi ya viwiko au magoti ina mabaka yenye magamba, kucha zimejaa vishimo vidogo. Hiyo inaweza kuwa baridi yabisi ya soriasisi. Huko damu haina kosa. Kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na maadui, imegeukia ngozi na viungo vya mwenyewe. Kwenye ngozi nyeusi mabaka yale huonekana ya zambarau au kijivu, kwa hiyo daktari aliyezoea picha za ngozi nyeupe anaweza kuyapita. Haiambukizi hata kidogo. Kuleni naye sahani moja. Maji ya uvuguvugu asubuhi humsaidia kulegeza vidole, kalamu nene humrahisishia kuandika, na nyinyi vijana mnaweza kumtwangia pondu. Ila asiridhike na hayo. Uvimbe wa mtoto wa SS kwa kawaida hupita bila kuacha alama. Huu wa soriasisi ukiachwa miaka hula kiungo, kidole kikapinda kisirudi tena. Anahitaji daktari na dawa za kutuliza kinga, kama methotreksati, zinazotumiwa kwa uangalizi wa damu na ini.

Turudi kwenye SS. Mwenzenu wa SS darasani mnamjua, hata kama hamjui jina la ugonjwa. Macho yana umanjano, mwili mdogo kuliko umri, hukosa shule mara kwa mara. Hilo la macho si uchafu wala homa ya kuambukiza: chembe zake huishi siku 10 hadi 20 tu badala ya 120, na mabaki yake ndiyo hupaka ule umanjano. Anapoomba kutoka kwenda kukojoa mara nyingi si mvivu; figo zake haziwezi kubana maji, na ndiyo maana anahitaji kunywa kuliko sisi wote. Mvua ya Kisangani ikimwagika wakati wa kutoka, mpeni nafasi chini ya paa kwanza. Kama mkono unamuuma siku hiyo, mwandikieni somo. Na anayemwita "mtoto wa kufa" mnyamazisheni, kwa sababu anasema jambo lililopitwa na wakati.

Naam, limepitwa. Daktari wetu Léon Tshilolo na wenzake walifuatilia watoto 606 katika vituo vya Kinshasa, Luanda, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda, wakawapa kidonge kiitwacho hidroksiurea. Mnakumbuka ile himoglobini ya tumboni isiyopinda? Kidonge hicho huuamsha mwili uitengeneze tena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: mashambulizi ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria vivyo hivyo, na vifo vikapungua. Haiponyi, na lazima damu ipimwe mara kwa mara. Lakini pamoja na penisilini kila siku mpaka miaka mitano, chanjo, asidi ya foliki na chandarua, mtoto wa SS anakua, anasoma, anaoa au kuolewa. Kinachoniuma ni kwamba dawa hiyo ni ya kidonge tu, na bado haijafika katika vituo vingi vya barabara kama ile ya Bangboka. Hiyo ni kazi ya wakubwa, na tunapaswa kuidai kwa sauti.

Kazi yenu ni nyingine. Ninyi wenye miaka kumi na minne, kumi na sita, ulizeni nyumbani kama mmewahi kupimwa. Kama hakuna anayejua, ombeni elektroforesi kabla hamjaanza kuzungumza habari za ndoa, na karatasi ya majibu iwekeni pamoja na cheti cha kuzaliwa.