Ndama huzaliwa bila kinga

Ukifuata barabara ya Kilwa kutoka Dar es Salaam hadi Kibiti, kisha ukakata kuelekea magharibi, utafika Mloka, kijiji cha ukingoni mwa mto Rufiji, jirani na lango la Mtemere. Kwa miaka mingi huku kulijulikana kwa mpunga, samaki na mbung'o, si kwa ng'ombe. Mambo yalibadilika baada ya mwaka 2006, Serikali ilipoamuru mifugo iondoke bonde la Usangu, na wafugaji wakashuka na makundi yao hadi mikoa ya Pwani na Lindi.

Swali la wiki hii ni la mfugaji wa huko, na pia la wewe wa Mbezi mwenye ng'ombe mmoja uani. Kwa nini ndama aliyezaliwa salama anakufa kwa kuhara kabla hajatimiza wiki mbili?

Mtoto wa binadamu hupata sehemu ya kinga ya mama yake angali tumboni. Ndama hapati. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili, na la mbuzi na kondoo ni hivyo hivyo. Kinga yote ya siku za mwanzo imo katika dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ambayo wakamuaji wengine, ajabu kabisa, huyamwaga. Utumbo wa ndama huzipokea kingamwili hizo kwa saa chache tu. Baada ya takriban saa 24 mlango umefungwa. Ndama wa kilo 20 anahitaji lita mbili hivi, na mapema.

Madini na vitamini vinaingia wapi? Ng'ombe aliyepandwa Februari huzaa Novemba. Miezi ya mwisho ya mimba, ndama anapokua kwa kasi, inaangukia kiangazi, majani yamekauka. Vitamini A na E, ambazo asili yake ni majani mabichi, hupita kwa shida kwenye kondo. Ndama huzipata katika dang'a. Shaba hupita, na ini la ndama huiwekea akiba kabla ya kuzaliwa, maana maziwa yana shaba kidogo mno. Mama akipungukiwa madini haya, pamoja na seleni, ndama anaweza kuzaliwa dhaifu, akachelewa kusimama na kunyonya, na saa zake zikapita.

Kwa hiyo jiwe la kulamba liwekwe miezi miwili mitatu kabla ya kuzaa. Chumvi ya jikoni haitoshi, haina shaba wala seleni. Lakini usizidishe: seleni nyingi ni sumu, na jiwe la ng'ombe lenye shaba huweza kuua kondoo. Kwa sindano, muone kwanza bwana mifugo.

Na dang'a ikizidi, wewe wa mjini mwenye friji igandishe. Ng'ombe mwingine akifa wakati wa kuzaa, iyeyushe kwa maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, umnyweshe yatima.