Kigango si Pambo la Bustani

Katika miaka ya 1840, Mwingereza Charles Isham alileta kutoka Ujerumani vijisanamu vya wazee wafupi wenye ndevu, akavipanga bustanini mwake Lamport. Vijisanamu vya aina hiyo vimependwa kwa kuwa vinachekesha. Hata wizi wake huhesabiwa utani. Kigango cha Wagiriama ni kingine. Ni mti uliochongwa na kusimamishwa kwa heshima ya marehemu wa chama cha Gohu, uwe makao ya koma yake. Vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilionekana katika makumbusho ya Marekani, vikarejeshwa Kenya mwaka 2007. Hivyo, tukikiita kigango “sanamu” tu, tunamrahisishia mwizi kazi: familia haikupoteza pambo, ilipoteza mzazi.