Mzazi, kabla hujaamini ‘sheria mpya’ ya WhatsApp, iulize maswali haya matatu

Maganzo, Shinyanga. Chukulia ni saa mbili usiku. Mama amerudi kutoka kwenye genge lake kando ya barabara kuu ya Shinyanga–Mwanza, watoto wamekula, na simu inaanza kulia. Kwenye grupu la wazazi kumeingia ujumbe uliopitia mikono mingi: “Sheria mpya imepita. Binti akifikisha miaka 15 mzazi anaruhusiwa kumwoza, hakuna wa kumshtaki.” Dakika mbili baadaye unaingia mwingine: “Uongo! Siku hizi binti haolewi mpaka miaka 18, mahakama ilishasema.” Wa tatu anaweka kipande cha video cha zamani cha kiongozi akisema binti akipata mimba ndiyo mwisho wa shule.

Ujumbe wote huo unazungumzia maisha ya mtoto mmoja, na kila mmoja una kipande cha ukweli ndani yake. Hapo ndipo mzazi anapochanganyikiwa.

Zamani swali kama hilo lingempeleka mtu mjini Shinyanga kumtafuta wakili. Wakili naye, akitaka uhakika, angekwenda kwa mkutubi wa sheria, yaani mtunza maktaba anayejua Gazeti la Serikali la mwaka fulani liko rafu gani na hukumu fulani imo kwenye juzuu ipi. Mkutubi huyo hamshauri mtu ashitaki au asishitaki. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba karatasi unayoshika mkononi ndiyo yenyewe, na kwamba bado ina nguvu.

Leo sheria nyingi na hukumu zimehamia kwenye intaneti, na uvumi nao umehamia huko huko. Ndiyo maana kazi ya mkutubi imekuwa kazi ya kila mzazi mwenye simu. Inaanza na maswali matatu: Limetoka wapi? Ni la lini? Je, kuna aliyeligusa baadaye?

Limetoka wapi?

Si kila kitu kinachotoka serikalini ni sheria. Sheria hutungwa na Bunge. Waraka hutolewa na wizara. Hukumu hutolewa na mahakama. Kauli ya kiongozi jukwaani ni kauli, hata kama ina uzito mkubwa. Ujumbe wa WhatsApp huvichanganya vyote na kuviita “sheria mpya”.

Mfano mzuri ni ndoa za wanafunzi. Mwaka 2016 Bunge lilifanyia marekebisho Sheria ya Elimu, Sura ya 353, kwa kuongeza kifungu kilichojulikana kama 60A. Kifungu hicho kilikataza mtu yeyote kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Anayempa mwanafunzi mimba naye adhabu yake ni miaka 30.

Sehemu inayowahusu wazazi moja kwa moja haitajwi sana kwenye magrupu. Kifungu hicho hakikumgusa muoaji peke yake. Anayesaidia au kushawishi mwanafunzi aolewe au aoe naye ana kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua Sh5 milioni, kifungo cha miaka mitano, au vyote viwili. Kwa familia ya Kishapu inayojadili ng’ombe wa mahari ilhali binti bado yuko darasani, hiyo ni habari ya kujua kabla wageni hawajafika.

Tena kifungu hicho kinaangalia kama ni mwanafunzi. Kwa hiyo hoja ya “ameshakuwa mkubwa” haimsaidii anayemtoa binti kidato cha tatu akaolewe.

Ni la lini?

Swali la pili ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu jambo linaweza kuwa la kweli kabisa na likawa limepitwa na wakati.

Juni 2017, Rais wa wakati huo, John Magufuli, akiwa mkoani Pwani, alisema wanafunzi wanaopata mimba hawataruhusiwa kurudi shuleni. Aliyerekodi hakudanganya, maneno hayo yalisemwa. Lakini Novemba 24, 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi wa elimu.

Mzazi mwenye video ya 2017 kwenye simu ana ushahidi wa jambo la kweli lililokwisha kubadilika. Akiiamini, binti aliyejifungua anabaki nyumbani akilea, na hatua inayofuata mara nyingi ni kutafutiwa mume. Kumbe tarehe moja tu ingempeleka kuzungumza na mwalimu mkuu.

Tarehe inahusu hata vitabu vya sheria vyenyewe. Serikali imefanya urekebu wa sheria za nchi na kutoa Toleo la Mwaka 2023, lililozinduliwa Aprili 2025 na kuanza kutumika Julai 1, 2025. Toleo jipya linapotoka, namba za vifungu zinaweza kuhama. Ukiona picha ya ukurasa wa sheria kwenye grupu, tafuta kwanza ni toleo la mwaka gani kabla ya kuinukuu mbele ya watu.

Je, kuna aliyeligusa baadaye?

Hili ndilo swali gumu zaidi, na ndilo linalomaliza ubishi wa miaka 15 na 18.

Anayesema 15 hakuokota hewani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 13, iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, huku mvulana akitakiwa kufikisha 18. Iliruhusu pia mahakama kutoa kibali kwa aliyefikisha miaka 14. Kifungu cha 17 kilitaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba, na kama baba amefariki, ya mama.

Anayesema 18 naye ana chanzo. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, alifungua shauri Mahakama Kuu dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali akipinga vifungu hivyo viwili. Julai 8, 2016 mahakama ilikubaliana naye kwamba vinakwenda kinyume na Katiba. Iliipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha ili umri wa kuoa na kuolewa uwe miaka 18 kwa wote.

Serikali ilikata rufaa. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini, iliitupa rufaa hiyo na kubaki na msimamo ule ule. Hata hivyo, mwaka mmoja ulipita na Oktoba 2020 ikafika bila Bunge kubadili maneno ya sheria.

Hivyo mtu anayefungua Sheria ya 1971 peke yake atakutana na 15 na kuamini amepata jibu. Anayesoma hukumu peke yake ataona 18 na kudhani maneno ya sheria yalishafutwa. Mkutubi angeweka karatasi zote mbili mezani na kusema: mahakama ya juu kabisa imeshasema ruhusa hiyo inavunja Katiba, na jukumu la kubadili maneno ni la Bunge. Kwa mzazi anayetaka kumlinda mtoto wake, huo si mwanya wa kuutumia.

Ubishi huu unagusa mambo mengine pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kanuni ya Adhabu inasema kufanya mapenzi na msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, hata akikubali, lakini iliacha nje mume ambaye mkewe amefikisha miaka 15. Yaani tendo moja, kwa mtoto yule yule, linaweza kuitwa ubakaji au ndoa kulingana na sherehe iliyofanyika nyumbani. Ndiyo sababu umri wa ndoa si jambo la wanasheria wa Dodoma na Dar es Salaam peke yao.

Kwa nini Shinyanga

Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa mwaka 2010 uliitaja Shinyanga kuwa inaongoza nchini kwa ndoa za utotoni. Asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha 18. Wakati huo mkoa ulikuwa bado haujagawanywa, ukijumuisha maeneo ambayo leo yako Simiyu na Geita.

Maganzo iko jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa na Dk John Williamson mwaka 1940. Kwenye ukanda wa migodi, kutoka hapa hadi Geita, fedha huja kwa ghafla na kuondoka kwa ghafla, na mwenye fedha anapobisha hodi, familia yenye shida huona mahari kama mlango wa kutokea.

Gharama yake huonekana baadaye, wodini. Mwili wa msichana ambao haujakomaa uko kwenye hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na uchungu pingamizi, unaoweza kumwachia fistula au kumpotezea mtoto.

Maktaba kwenye simu

Mzazi ataipata wapi karatasi yenyewe? Mahakama ya Tanzania inaendesha mtandao uitwao TanzLII, unaohifadhi hukumu na sheria, na mtu yeyote anausoma bila kulipa zaidi ya bando lake. Andika jina la Gyumi kwenye sehemu ya kutafutia, na unaweza kuisoma hukumu yenyewe. Ukiona herufi TZCA kwenye namba ya hukumu, ujue imetoka Mahakama ya Rufani. TZHC ni Mahakama Kuu.

Wazo la kuwapa wananchi sheria bure kwenye intaneti lilianzia Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1992. Limeenea hadi kwa majirani zetu: Kenya wana Kenya Law, Uganda wana ULII.

Kikwazo kikubwa ni lugha, kwa kuwa hukumu nyingi za zamani ziko kwa Kiingereza. Hilo limeanza kubadilika. Februari 1, 2021, katika maadhimisho ya Siku ya Sheria, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani baada ya kusifu hukumu aliyoiandika kwa Kiswahili, katika kesi iliyouhusu mgodi wa North Mara. Mwezi huo huo Bunge lilipitisha marekebisho yanayofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama.

Wengine siku hizi wanaiuliza programu ya akili mnemba iwaeleze sheria. Inaweza kusaidia kufafanua Kiingereza kigumu, lakini isiwe chanzo. Mwaka 2023 mawakili wawili na kampuni yao jijini New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Kesi hizo zilikuwa na majina na namba, ila hazikuwahi kuwapo. Kama wakili alinaswa, mzazi naye achukue tahadhari: kesi iliyotajwa aitafute mwenyewe, na asipoiona asiitumie.

Ukikwama, tafuta mtu

Simu inakupa maandishi, haikupi wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, wanaotoa msaada bila malipo kwa wasio na uwezo. Ofisi ya kata inaweza kukuelekeza kwa msaidizi wa kisheria au kwa ofisa ustawi wa jamii. Mtoto akiwa hatarini, kuna Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi na namba ya bure ya huduma kwa mtoto, 116.

Kwenye grupu nako kuna wajibu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu anayechapisha taarifa anazojua ni za uongo kwa nia ya kupotosha umma. Wengi hawana nia hiyo, wanasambaza kwa wema. Lakini baba anayetafuta sababu ya kupokea mahari atauchukua ujumbe huo huo kama kibali.

Basi ujumbe ukiingia tena saa mbili usiku, jibu lake si lazima liwe ubishi. Andika tu: “Hii imetoka wapi, na ni ya lini?” Kisha, kabla ya kulala, keti na binti yako umweleze kwamba maadamu ni mwanafunzi, hakuna mtu, hata mjomba wake, mwenye ruhusa ya kumtoa shule akaolewe.