Shimo Lililo Nyuma ya Nyumba Yako

Je, unajua maji ya choo chako yanakwenda wapi? Wengi hujibu, "Yanakwenda chini, yamekwisha." Hayakwisha. Hapa Lubumbashi nyumba nyingi hutegemea shimo lao wenyewe, fosi septiki, na katika lupango ileile, au kwa jirani, mna kisima. Shimo likiharibika, uchafu wako waweza kurudi katika kikombe cha mtoto. Kipindupindu kimeupiga mji wetu mara nyingi. Kilikuwapo mwaka 2008, na tena mwaka 2013. Kwa hiyo tujifunze kulitunza shimo.

JINSI LINAVYOFANYA KAZI

Maji ya choo huingia kwanza katika sanduku la simenti lililo chini ya ardhi. Humo uchafu mzito huzama na kuwa tope. Mafuta huelea juu. Maji ya katikati hutoka kwa bomba jingine, huingia shimo la pili, na kunywewa na udongo. Vijidudu hula sehemu ya tope, lakini hawalimalizi. Mwaka kwa mwaka linaongezeka.

TAFUTA UGONJWA KABLA YA DAWA

Mganga mwema hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Wewe nawe, usivunje simenti kabla ya kujua ugonjwa ulipo.

1. Kama choo kimoja tu kinakataa, na mahali pengine maji yanapita vizuri, bomba la choo kile limeziba. Shimo ni zima.

2. Kama maji yanakataa nyumba nzima, fungua kifuniko cha sanduku. Upepo utoke mgongoni mwako. Usivute sigara, usilete taa ya moto, wala usiinamishe kichwa ndani. Tazama kimo cha maji. Yakiwa sawa na bomba la kutokea, sanduku ni zima. Bomba litokalo nyumbani ndilo limeziba. Lizibue kwa waya mrefu.

3. Kama maji yamepanda juu ya bomba la kutokea, fungua shimo la pili. Likiwa na maji machache, bomba lililo kati ya mashimo limezibwa na tope. Likiwa limejaa, udongo hauwezi kunywa tena.

4. Kama maji yako chini ya bomba la kutokea, na choo kinatumika kila siku, sanduku limepasuka. Ugonjwa huu hauna harufu, wala haumsumbui mwenye nyumba, lakini ni mbaya sana, maana uchafu unaingia ardhini kwa siri, karibu na visima.

Upime na tope. Funga kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, uushushe mpaka chini, ungoje dakika chache, kisha uutoe polepole. Alama nyeusi itakuonyesha kimo cha tope. Likifika theluthi moja ya kina cha maji, ita gari la kunyonya. Usimwage tope mtaroni wala mtoni. Kisha osha mikono kwa sabuni.

MATENGENEZO

Fanya kazi hii wakati wa kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Udongo uliolowa hauwezi kunywa maji ya shimo. Geuza maji ya mvua ya paa yasiingie shimoni. Usitupe vitambaa, mafuta ya kupikia, wala javeli nyingi, maana javeli huua vijidudu wanaokusaidia. Shimo la pili likishindwa kabisa, chimba jingine, umbali wa meta 30 au zaidi kutoka kisima chochote, hata cha jirani. Funga wavu kwenye bomba la hewa, mbu wasizae humo. Ufa wa sanduku ni kazi ya fundi anayejua hatari yake, baada ya gari kulinyonya lote. Usidharau ufa: usipoziba ufa utajenga ukuta.

USIINGIE SHIMONI

Shika neno hili hata ukisahau mengine yote. Hewa ya shimo huua, hata likiwa limenyonywa. Mtu huingia, huanguka bila kupiga kelele. Ndugu yake humwona, huruka kumwokoa, naye huanguka. Hivyo jamaa moja yaweza kupoteza watu wawili au watatu saa moja. Mwenzako akianguka, piga kelele, tafuta msaada na kamba, lakini usiingie. Funika shimo daima kwa kifuniko kizito, watoto wasitumbukie.

WAKATI UNAPONGOJA FUNDI

Chemsha maji yote ya kunywa. Mwambie jirani naye achemshe. Usione haya, maana haya yako yaweza kumwua mtoto wake. Mtu akihara maji meupe kama ya mchele, usingoje kesho. Changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kusawazishwa. Mnyweshe kidogo kidogo, hata njiani, mkimpeleka hospitali.

Leo jioni, kabla hujalala, zunguka nyuma ya nyumba. Je, ardhi imelowa ingawa mvua haikunyesha? Je, kuna harufu? Je, majani yamestawi mahali pamoja kuliko pengine? Shimo linakuita. Liitikie mapema.