Familia ikienda vakansi, mbwa anabaki mikononi mwa nani?

Kila mwaka masomo yakifungwa, kuanzia mwezi wa saba hadi mwanzo wa mwezi wa tisa, parseli nyingi za Butembo na Beni zinabaki na watu wachache. Watoto wanapelekwa kwa bibi na babu kijijini. Mama anaenda kumtembelea dada yake Bunia ao Kampala. Baba mfanyabiashara anapita Kasindi, anaenda kupanda ndege Entebbe, kisha Dubai ao Guangzhou kutafuta bidhaa. Safari kama hiyo inaweza kuchukua wiki tatu, mwezi, hata miezi miwili.

Mbele ya kuondoka, familia inapanga mambo mengi. Funguo zinaachiwa shemeji. Sentineli anapewa sehemu ya mshahara wake. Kuku wanahesabiwa. Lakini ukiuliza juu ya mbwa, mara nyingi jibu ni moja: «Yule atakula tu, majirani wako.»

Jibu hilo ndilo linaleta shida. Mbwa ambaye kila mtu anafikiri mwingine amempa chakula, kwa kweli hana mtu. Na mbwa asiye na mtu haumizi mwenyewe tu: anaumiza parseli aliyoachiwa kulinda, na anaweza kuumiza watoto wa mtaa mzima.

Mlinzi asiye na mshahara

Kule Ulaya, na hata katika miji kama Nairobi, kuna nyumba za kulipia ambazo zinapokea mbwa wakati mwenyewe amesafiri. Mtu anamleta mbwa, analipa kwa siku, anakuja kumchukua akirudi. Huku kwetu wengi hawatafuti nyumba ya namna hiyo, na sababu inaeleweka. Mbwa wa Butembo ao wa Beni anachungwa kwanza kwa ajili ya ulinzi. Anabweka usiku mtu akigusa ukuta. Basi nyumba inapobaki tupu, ndiyo wakati ambapo familia inamhitaji zaidi abaki palepale.

Kwa maneno mengine, wakati wengine wanapumzika, mbwa anaongezewa kazi. Lakini chakula chake ndicho kinachopunguka kwanza, juu mbwa wengi wanakula mabaki ya meza. Familia ya watu wanane ikiwa nyumbani, bugali inabaki, mifupa inabaki, mchuzi wa samaki unabaki. Familia ikiondoka, hakuna anayepika, na mabaki yanaisha siku ileile.

Mbwa mwenye njaa ni mlinzi mbaya. Atapita chini ya lango kwenda kutafuta jalalani, na usiku hatakuwa kwenye parseli. Tena, mwizi akimrushia kipande cha nyama chenye sumu, mbwa aliyeshiba anaweza kunusa na kuacha. Mbwa ambaye hajala siku mbili atameza tu.

Mtu mmoja wa kujibu

Jambo la kwanza ni kuchagua mtu mmoja. Si «majirani», si «watoto wa pale ng'ambo», bali mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana na ambaye amekubali kwa kinywa chake. Anaweza kuwa sentineli, mpangaji wa annexe, mpwa anayesoma, ao jirani ambaye mbwa anamzoea. Wengine wakitaka kusaidia, wapitie kwake.

Mtu huyo aje nyumbani siku chache mbele ya safari, amlishe mbwa huku mwenyewe akiwa bado hapo. Mbwa hajui makubaliano ya watu. Anajua harufu, sauti na mkono unaoleta sahani. Kama siku ya kwanza mlishaji anaingia peke yake kwenye parseli iliyofungwa, yeye ndiye anaweza kuwa wa kwanza kuumwa.

Ni vizuri pia kukubaliana juu ya malipo. Wengi wanaona haya kumlipa ndugu kwa kazi ya mbwa. Lakini kazi ya asubuhi na jioni kwa siku arobaini si salamu. Kitu kidogo kilichotajwa wazi mbele ya safari kinazuia manung'uniko baadaye. Na kama mtu huyo akipata ugonjwa ao matanga ya ghafla, ni nani atachukua nafasi yake? Jina la pili liwepo pia, pamoja na namba ya simu.

Hesabu ya chakula na maji

Wafanyabiashara wa hapa wanaijua methali hii: mali bila daftari hupotea bila habari. Chakula cha mbwa nacho kinataka daftari. Wiki moja mbele ya safari, mwenyewe apime kile mbwa anakula kwa siku. Kama ni makopo mawili ya unga, basi siku 40 ni makopo 80. Aongeze samaki wadogo wakavu wa kutia ladha na nguvu, makala ya kupikia, na akiba ya siku kumi juu safari zetu zinachelewa: barabara inaharibika, mpaka unafungwa, bidhaa zinakwama.

Kuna njia mbili za kuacha chakula. Ya kwanza ni kuacha vitu vyenyewe ndani ya nyumba. Ya pili ni kutuma makuta kwa simu kila wiki. Ya pili inasaidia pale ambapo unga wa miezi miwili ukiachwa mara moja unaweza kuliwa na panya, ao na watu. Pia simu ya kila wiki inampa mwenyewe nafasi ya kuuliza: anakula? anakohoa? analala wapi?

Maji ndiyo yanasahauliwa zaidi. Mbwa wa kilo 15 anahitaji karibu litre moja ya maji kwa siku, na zaidi wakati wa jua kali. Chombo kiwe kizito ili asikipindue, na maji yabadilishwe kila siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa isiwekwe kwenye sahani yake, kwa kuwa inavunjika kama sindano na inaweza kutoboa tumbo. Kitunguu kingi nacho kinaharibu damu ya mbwa.

Kamba pia izungumziwe. Mbwa wengi wanafungwa mchana na kufunguliwa usiku. Mlishaji akisahau kumfungua, mbwa anabaki penye jua, penye mvua, karibu na uchafu wake. Kamba iwe ndefu, kivuli kiwepo, na saa ya kumfungua ijulikane.

Kama mbwa ni jike, kuna neno moja zaidi. Mimba ya mbwa inachukua karibu siku 63. Jike aliyeachwa akizurura wakati wa joto lake anaweza kumpokea mwenyewe na watoto sita mlangoni. Mbele ya safari ndefu, ni vizuri kumuuliza munganga wa mifugo namna ya kuzuia.

Akihamishwa, je?

Wengine wanaona rahisi kumpeleka mbwa kwa ndugu upande mwingine wa mji. Inawezekana, lakini mbwa ana desturi ya kurudi kwao. Aliyetolewa Bulengera na kupelekwa Vulamba anaweza kukata kamba usiku wa kwanza na kujaribu kurudi kwa miguu, katikati ya malori na motari wa barabara kuu. Kwa hiyo siku za mwanzo akae ndani ya ua uliofungwa, apelekwe pamoja na gunia analolalia na sahani yake, na mlishaji amwite kwa jina alilozoea.

Kumvusha mpaka wa Kasindi ni jambo jingine. Mbwa anayeingia nchi nyingine anatakiwa kuwa na karatasi za afya na ushahidi wa chanjo. Karatasi hizo zinatafutwa mapema, si asubuhi ya safari.

Chanjo itangulie

Hapa ndipo jambo la mbwa wa mtu mmoja linakuwa jambo la mji. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ule ambao wengi wanauita raje, unaua karibu watu 59,000 kila mwaka duniani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani. Wengi sana wanakufa Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Karibu watu 4 kati ya 10 wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikianza kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini mbele ya dalili, ugonjwa unazuilika.

Mbwa wa familia iliyosafiri ana hatari zaidi kwa sababu moja rahisi: anazurura. Jalalani anakutana na mbwa wengine, wanagombana juu ya mfupa, wanaumana. Kisha anarudi mtaani ambako watoto wako vakansi, wanacheza nje mchana kutwa, na wanamjua kwa jina.

Chanjo ya kwanza inahitaji karibu siku 21 ili kinga iwe imara. Kwa hiyo mbwa ambaye hajawahi kuchanjwa apelekwe mwezi mmoja mbele ya safari. Mtoto wa mbwa anachanjwa kuanzia karibu miezi mitatu, na chanjo inarudiwa kwa tarehe ambayo munganga ameandika kwenye kadi. Butembo ina bahati ya kuwa na Chuo Kikuu Katoliki cha Graben (UCG), ambacho kinafundisha udaktari wa mifugo. Beni haiko mbali, ni kilomita 54 tu. Huduma za serikali za mifugo nazo zinaweza kuelekeza wenye mbwa mahali chanjo inapatikana. Kadi ya chanjo ibaki na mlishaji, si ndani ya kabati lililofungwa.

Akiuma mtu na wewe uko mbali

Mlishaji aelezwe mambo manne, na ikiwezekana ayaandike.

Kwanza, kidonda kioshwe palepale kwa maji mengi na sabuni, kwa dakika 15. Si kuweka mafuta, si kuweka majani, si kufunga haraka.

Pili, mtu aliyeumwa apelekwe hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa anaonekana mzima. Sindano za kuzuia zinaanza siku hiyo na zinafuatana kwa tarehe za munganga. Kuacha katikati ni hatari.

Tatu, mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama na aangaliwe siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, waganga wanajua kwamba siku aliyouma hakuwa akiambukiza. Akigeuka tabia, akatoa mate mengi, akashindwa kumeza ao akafa, mtu asimguse kwa mikono mitupu, na huduma za mifugo pamoja na hospitali ziambiwe mara moja.

Nne, mwenye mbwa apigiwe simu siku hiyohiyo, juu gharama ni zake.

Sheria nayo inasema hivyo. Kifungu cha 261 cha kitabu cha tatu cha sheria za kiraia za Kongo, kinachotokana na dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, kinamtaja mwenye mnyama, ao yule anayemtumia wakati anamtumia, kuwa ndiye anajibu kwa hasara ambayo mnyama ameleta. Na ni vile hata kama mnyama alikuwa amepotea ao ametoroka. Kusema «sikuwapo, nilikuwa Dubai» hakuondoi deni. Sentineli naye ajue kwamba anaweza kuulizwa, ndiyo maana makubaliano yawe wazi mbele ya shahidi.

Safari isiyopangwa

Kwa wakaaji wa Beni na vijiji vyake, kuna safari nyingine ambayo haina tarehe. Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni yamesukuma maelfu ya familia kukimbia, wengine zaidi ya mara moja. Saa hiyo mtu anashika watoto, hashiki mbwa, na hakuna anayeweza kumlaumu.

Hata hivyo kuna kitu kinachochukua sekunde tatu: kukata kamba. Mbwa aliyeachwa huru atatafuta maji na chakula, na wengine wanafuata nyuma ya wenyewe. Aliyeachwa amefungwa anakufa kwa kiu. Katika mitaa yenye wasiwasi, ni vizuri kamba ifungwe kwa fundo ambalo hata mtoto anaweza kulifungua kwa mkono mmoja. Mbwa aliyechanjwa, hata akizurura baada ya hapo, hataleta kifo cha pili juu ya kile watu walikimbia.

Mbele ya kufunga lango

Kwa yule mwenye safari ya kawaida, karatasi moja inatosha. Iandikwe jina la mlishaji na la msaidizi wake, chakula cha kila siku, saa ya kumfungua, tarehe ya chanjo, namba ya munganga wa mifugo na namba ya mwenyewe inayopatikana huko aliko. Nakala moja ibaki kwa mlishaji, nyingine kwa jirani wa karibu. Na siku ya kurudi, mbele ya kufungua mizigo, mwenyewe amwangalie mbwa: amekonda? ana kidonda cha kuumwa? Kama ana kidonda ambacho hakuna anayejua kilitoka wapi, watoto wasimkumbatie kwanza. Apelekwe kwa munganga wa mifugo.