Kangaja amezidi tangi lako? Usimpe mtu mwenye shida ya mwani

Wengi wenu mlianza na sato na kambale, na sasa baadhi mnahudumia matangi ya maji ya bahari hotelini, maofisini na majumbani kwa watu. Ni kazi nzuri, ila ina swali ambalo kwenye bwawa la sato halipo. Sato akikua unamvua, unamuuza kwa kilo. Samaki wa pambo akikua unampeleka wapi?

Anayeniletea maswali mengi ni kangaja, hasa yule mwenye mapezi mapana yanayosimama kama tanga la ngalawa (Zebrasoma desjardinii). Ni samaki wa Bahari ya Hindi, huku kwetu yupo. Akinunuliwa anakuwa mdogo, anaenea kiganjani. Lakini huyu anaweza kufika sentimita 40. Kwenye tangi la lita 200 utamwona anakwenda na kurudi kwenye kioo kimoja kutwa nzima, kisha anaanza kuwafukuza wenzake. Hapo mwenye tangi anakupigia simu: "Nitafutie mtu wa kumpa."

Wa kumpa hawakosekani. Tatizo ni kwamba anayejitokeza wa kwanza huwa ni yule ambaye tangi lake limejaa ukijani na anataka samaki wa kumsafishia. Huyo ndiye wa kumkatalia, na nitaeleza kwa nini.

Kangaja si fagio

Ni kweli kangaja anakula mwani. Ila si kila mwani. Huyu wa tanga ana meno ya kung'ata, anakata mwani wa nyuzi na wa majani. Ule utando wa kahawia kwenye kioo hauwezi. Huo ni kazi ya kangaja wa jamii nyingine (Ctenochaetus), mwenye meno kama kitana ya kukwangulia. Na ule utelezi mwekundu unaotanda kwenye mchanga hakuna kangaja wa kuutegemea.

Halafu jiulize mwani umetoka wapi. Umetokana na chakula kinachozidi, naitreti na fosfeti zilizojaa kwenye maji, na taa zinazowaka saa nyingi. Ukiongeza samaki mkubwa unaongeza kinyesi, yaani mbolea. Mambo mawili yanaweza kutokea. Ama mwani unaendelea kuota, ama kangaja anaumaliza ndani ya wiki chache kisha anabaki na njaa, kwa sababu mwenyewe anaamini "huyu anajilisha." Samaki huyu baharini anachungachunga mchana kutwa. Akikosa chakula tumbo linaingia ndani na mgongo nyuma ya kichwa unakonda. Akifika hapo, kumrudisha ni kazi ngumu.

Kwa hiyo mpe mtu mwenye nafasi na chakula. Shida ya mwani itibiwe kwa kubadilisha maji, kupunguza chakula na kupunguza saa za taa.

Maswali ya kumuuliza anayempokea

Usimuulize kwa simu tu. Nenda ukaone.

1. Tangi lina ukubwa gani? Kwa kangaja huyu mimi sishuki chini ya lita 500, na urefu uwe mita moja na nusu kwenda juu. Urefu ni muhimu kuliko kina, kwa sababu huyu ni samaki wa kukimbia.

2. Tangi lina umri gani? Pima mwenyewe. Amonia iwe sifuri, nitraiti iwe sifuri. Tangi la mwezi mmoja halijakomaa, hata kama maji yanang'aa kama ya chupa.

3. Kuna kangaja mwingine ndani? Hawa wanapigana, hasa wanaofanana umbo. Kama yupo, tangi liwe kubwa kweli, na mgeni atengwe kwanza kwa wavu au kisanduku chenye matundu hadi wazoeane.

4. Utamlisha nini? Jibu zuri ni mwani kila siku: karatasi za mwani mkavu usio na viungo, zile za kufungia sushi, au mwani laini wa kijani wa baharini uliosafishwa vizuri. Akijibu "saladi ya sokoni", mweleze kuwa ile ni maji matupu, haimjengi samaki.

Mkikubaliana, wekeni sharti moja: akishindwa kumtunza, anarudishwa kwako, hapewi mtu wa tatu.

Kumkamata na kumsafirisha

Kangaja ana kiwembe kila upande kwenye shina la mkia. Kimelala, lakini akishtuka anakichomoa, na kinakata kidole sawasawa. Kwenye wavu kinanasa, samaki anajiumiza. Mwongoze taratibu aingie kwenye chombo cha plastiki ndani ya maji, kisha umtoe pamoja na maji yake.

Usimlishe kwa siku moja kabla ya safari ili asichafue maji njiani. Msafirishe kwenye ndoo safi yenye mfuniko, ambayo haijawahi kuwekwa sabuni wala dawa. Mfuko mwembamba anautoboa kwa kile kiwembe, na mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku hapa Tanzania tangu Juni 2019. Kwenye ndoo, weka pampu ndogo ya hewa ya betri. Giza humtuliza, kwa hiyo usifungue mfuniko kila dakika kumchungulia. Safiri asubuhi na mapema. Ndoo ikikaa juani nyuma ya bodaboda saa saba mchana, utafika na maiti.

Akifika

Pimeni chumvi ya pande zote mbili kabla ya siku ya safari. Kawaida ni gramu 35 kwa lita, na joto nyuzi 25 hadi 27. Zikilingana, kazi inakuwa nyepesi: unasawazisha joto, unadondoshea maji mapya kwa mpira mwembamba kwa nusu saa hivi, unamhamisha. Maji ya ndoo yamwagwe, yasiingie kwenye tangi la mwenyeji.

Na asiende moja kwa moja kwenye tangi kubwa. Akae karantini wiki nne. Kangaja wanasifika kwa kushikwa na ugonjwa wa madoa meupe wa maji ya bahari. Kijidudu chake humwacha samaki, kikaenda kuzaliana chini, kisha watoto wake hurudi kumtafuta samaki mwingine. Ndiyo maana samaki anaweza kuonekana msafi leo, na wiki ijayo tangi zima likaugua. Dawa ya shaba inatibu, ila itumike kwenye tangi la karantini peke yake, kwa kupima kila siku. Ikiingia kwenye tangi lenye matumbawe, kaa au kamba, inawaua.

"Si nimrudishe tu baharini?"

Hapana, hata kama ni samaki wa kwetu. Tangini amekaa na samaki waliotoka bahari nyingine, na hujui amebeba nini. Mfano tunao: samaki-simba, mwenye miiba ya sumu, kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Miaka ya 1980 alianza kuonekana Florida, Marekani, na kuachiwa na wafugaji ndiyo sababu inayotajwa zaidi. Leo ametapakaa Karibiani nzima anakula makinda ya samaki wa wenyewe. Kama umekosa kabisa wa kumpa, zungumza na afisa uvuvi wa halmashauri yako kabla ya kuchukua hatua yoyote.

Mwisho, kazi hii ilipwe. Toza gharama ya kwenda kukagua, usafiri na karantini, hata kama samaki mwenyewe anatolewa bure. Mpe mpokeaji karatasi yenye historia yake: amekaa tangini miaka mingapi, anakula nini, aliwahi kuugua nini. Andika ukweli, hata ule wa kwamba anawafukuza wenzake. Wenye matangi ya bahari si wengi na wanafahamiana. Samaki mmoja akifa mikononi mwao kwa sababu ulificha jambo, habari itawafikia wateja wako wote kabla hujamaliza kuosha ndoo.