Pumzi ni ya Mungu, moshi ni wetu

Kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, kinatufundisha kwamba mtu alikuwa udongo tu hadi Mungu alipompulizia pumzi. Ndiyo kusema zawadi ya kwanza tuliyopokea haikuwa shamba wala nyumba, bali hewa kifuani. Leo tujiulize: zawadi hiyo tunaitunzaje?

Fika Kivukoni, katika bonde la Mto Kilombero, wakati wa kiangazi. Mpunga umeshavunwa, mabua yanachomwa. Vichaka vinachomwa ili mashamba yawe tayari kabla ya mvua. Tanuri za matofali zinameza magogo. Uani plastiki zinaunguzwa pamoja na majani makavu, na barabarani magari na bodaboda zinaongeza moshi wao juu ya vumbi.

Hata hivyo, moshi unaotudhuru zaidi mara nyingi hauonekani kutoka barabarani. Uko jikoni, juu ya mafiga matatu, mama akipuliza kuni mbichi na mtoto akiwa mgongoni. Ndani ya moshi huo kuna chembechembe nyembamba kuliko unywele kwa takriban mara 30. Pua haiwezi kuzizuia. Zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu. Kuna pia gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hiyo ndiyo inayoua watu usingizini pale jiko la mkaa linapoachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Watoto hupata nimonia. Watu wazima hupata kiharusi, maradhi ya moyo, magonjwa sugu ya mapafu na saratani.

Je, hili linalihusu Kanisa? Ndiyo. Amri ya tano haikatazi panga na bunduki peke yake. Inatudai tulinde uhai wetu na wa jirani. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aya ya 20, aliutaja waziwazi moshi wa kupikia miongoni mwa mambo yanayowaumiza watu, hasa maskini.

Lakini tuwe waangalifu tusimhukumu asiyestahili. Mama anayepikia kuni kwa sababu hana fedha za gesi hana kosa. Yeye ndiye anayeumia. Mtume Yakobo anatuonya tusimwage maskini kwa maneno mazuri huku tukimnyima anachohitaji. Kumwambia mama huyo aache kuni bila kumsaidia ni maneno matupu ya namna hiyo.

Mwezi Mei 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Tusikae tukisubiri mwaka huo. Jumuiya ndogo ndogo zinazojua kuchangia harusi na misiba haziwezi kushindwa kuchangia mtungi wa gesi kwa mjane mmoja, kisha mwingine. Parokia inayojenga ukumbi ijenge pia jiko lenye bomba la kutolea moshi, maana akina mama wanaotupikia siku ya somo wa parokia nao wana mapafu.

Yapo pia yasiyohitaji fedha nyingi. Tukaushe kuni kabla ya kuzitumia. Tupikie penye upepo, na watoto wakae mbali na moto. Tusilale na jiko la mkaa ndani. Mabua tuwape ng'ombe au tuyaache yaoze shambani yawe mbolea. Plastiki na matairi tusiyachome kamwe.

Tunapojiandaa kwa kitubio huwa tunakumbuka maneno na matendo yetu. Tuongeze swali moja: moshi wangu unaingia kifua cha nani? Moshi hauheshimu uzio. Ukitoka kwangu unaingia kwa jirani, na jirani huyo ndiye Kristo aliyeniamuru nimpende kama nafsi yangu.